MJADALA: Yule mama wa Mithali 31 alikuwa na wajakazi. Wewe una nani?

Wadau, hoja yangu ni hii: Mithali 31 tunaitumia vibaya, na wanaoumia ni wanawake wenye biashara zaidi ya moja.

Karibu kila kicheni pati hapa Dodoma, bibi harusi husomewa habari za mke mwema. Anatafuta sufu na kitani, ananunua shamba, anapanda mizabibu, anawauzia wafanyabiashara mishipi, taa yake haizimiki usiku. Vigelegele. Kisha anaambiwa akafanye hivyohivyo. Baada ya miaka michache ana genge, uwakala wa pesa, ekari ya zabibu Hombolo inayotaka kupogolewa na kupigwa dawa, watoto wawili, na bado anajiona mvivu.

Mstari wa 15 huwa tunaupita mbio. Mama yule anaamka usiku haujaisha, anawapa watu wa nyumbani chakula na wajakazi wake sehemu zao. Wajakazi, kwa wingi, na kila mmoja ana fungu lake. Binti wa dukani kwetu akidai mshahara anakumbushwa kwamba anakula na kulala bure.

Musa naye, Kutoka 18: mkwewe Yethro anamkuta akiamua mashauri ya watu asubuhi hadi jioni, anamwambia wazi kwamba jambo hilo si jema, atajimaliza yeye na watu wake. Hakumshauri aombe zaidi wala adamke mapema zaidi. Alimwambia achague watu wenye uwezo, wamchao Mungu, wakweli, wasiopenda mapato ya dhuluma, awaweke juu ya maelfu, mamia, hamsini na makumi. Kwake yaletwe makubwa tu.

Msimamo wangu: kama huna wa kumkabidhi, au unaye na huwezi kumlipa, biashara ya pili usiiite baraka. Nipingeni.

Mkulima wa Mvumi
Mwalimu, umeongea kama mtu anayeingiziwa hela mwisho wa mwezi. Huku mvua ni msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili, na ikikata Februari mahindi yanakaukia shambani. Mhubiri 11 inasema ugawe kwa saba, hata kwa wanane, maana hujui ni baya gani litaijia nchi. Wazee wetu Wagogo walilijua hilo kabla ya kusomewa. Ng'ombe walitawanywa kwa ndugu na marafiki vijiji tofauti, ili ukame au ugonjwa ukipiga huku, kule wabaki. Mimi nina mtama, alizeti, mbuzi kidogo na bodaboda anayoendesha mwanangu. Ukitaka nibaki na kimoja, taja kipi, halafu useme mwaka wa jua nitakula nini.

Mleta mada
Hapo umenibana, kaka. Ila ng'ombe aliyepelekwa kwa ndugu, huyo ndugu ndiye aliyemchunga, na maziwa alikunywa yeye. Mwenye ng'ombe hakuwa anakimbia vijiji vitano kila asubuhi. Kijana wako wa bodaboda anabakiwa na shilingi ngapi kwa siku?

Mkulima wa Mvumi
Hilo tutaongea nyumbani.

Wakala wa Pesa, Majengo
Mnabishana kuhusu muda. Kilichoniumiza mimi ni hela kuingiliana. Alizeti ikishavunwa mafuta hushuka bei, nikachukua hela ya uwakala nikanunua madumu nikisubiri yapande. Mteja anakuja kutoa laki tatu, droo tupu. Siku chache tu wateja wakahamia kwa jirani. Ili kuziba nikakopa kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa, na rejesho halingoji mafuta yapande bei. Kabla hamjafika kwa Yethro, someni Luka 14, yule anayekaa kwanza kuhesabu gharama za mnara asije akachekwa. Siku hizi kila biashara ina daftari lake na laini yake, na makadirio ya kodi ya TRA nayaweka pembeni mapema, maana yale ya awamu nne hayaulizi duka lipi limekwama. Biashara ni tatu bado. Sijafunga hata moja, mleta mada.

Mzee wa Kanisa, Area C
Wanangu, amri ya Sabato inamtaja mtumwa na mjakazi, na hata mnyama. Nawaona Jumapili mmependeza kwaya, na duka liko wazi. Aliye kaunta ni nani? Yeye anasali lini?

Mama Wageni
Shikamoo mzee. Nina vyumba vya kulala wageni. Bunge la bajeti, Aprili mpaka Juni, ndiyo mavuno yetu. Mgeni akishuka treni ya usiku Jumamosi nimwambie arudi Jumatatu?

Mzee wa Kanisa, Area C
Marahaba. Mgeni mpokee. Nimesema binti apumzike. Weka wawili wapokezane.

Mama Wageni
Wawili ni mishahara miwili, mzee, na Bunge likiahirishwa vyumba vinalala tupu. Yethro hakuwa na msimu mfu.

Mleta mada
Dada, mchukue wa pili kwa miezi mitatu ya bajeti, makubaliano kwa maandishi, ajue tangu Machi kwamba Julai hana kazi. Kama hata mavuno ya Bunge hayamlipi huyo wa pili, basi vyumba vyako vinakula usingizi wa yule wa kwanza.

Mama Wageni
Wa kwanza ni mdogo wangu. Hajawahi kulalamika.

Wakala wa Pesa, Majengo
Umeshamuuliza?