Naomba ushauri: mchoro wa Rembrandt, nyumba ya shamba na banda la nyasi

Wakuu, salaam. Niko Uholanzi. Jirani yangu, bibi wa Kidachi anayehama, kanipa picha iliyokuwa ukutani kwake: nyumba ya shamba iliyoezekwa kwa nyasi, pembeni banda la kuhifadhia nyasi kavu, lile ambalo paa lake hupandishwa na kushushwa kwenye nguzo, na kwa mbali mji wa Amsterdam. Nimeitambua, ni kazi ya Rembrandt, yule mchoraji wa Kidachi, ya mwaka 1641, upana kama sentimita 32 na kimo 13.

Sasa kichwa kinaniuma. Picha hizi zilichapwa kwa bamba la shaba lililochorwa kwa sindano na kuliwa na asidi, kwa hiyo nakala ni nyingi. Mabamba yake kadhaa yaliendelea kuchapwa Paris baada ya yeye kufa 1669, na karne ya 19 mchapaji wa Kifaransa Amand-Durand naye akatoa nakala nzuri mno, nyingi zikiwa na muhuri mwekundu nyuma.

Yangu imegundishwa kwenye kadibodi, nyuma sioni kitu. Kwa lenzi sioni vidoti vya mashine za uchapaji za kisasa, mistari imekolea wino, na alama ya ukingo wa bamba imebonyea kidogo kwenye karatasi.

Je, niibandue mwenyewe kwa maji (naogopa sana) au nimpe fundi wa karatasi? Na nikiipeleka mnadani kukaguliwa, huwa wanatoza? Siuzi, ila bibi hajaondoka bado, na kama ni ya zamani kweli nataka ajue kabla sijaichukua moja kwa moja.