Tairi na cheni: fundi wa mtaani, duka la Darajani au kuagiza Dar?

Mkaa Bububu
Assalaam alaykum wapanda baskeli. Yangu ni mtumba wa Ulaya, ya gia, naendea nayo kazini Malindi, hapa mjini Unguja, kila siku. Tairi la nyuma limekwisha na cheni inaruka nikikanyaga kwa nguvu, hasa nikiwa na mzigo. Kuna fundi hapa mtaani, kuna maduka ya vipuri Darajani, na kuna shemeji yangu Dar anayeweza kunipitia Kariakoo akanitilia kwenye boti. Huko mtandaoni nimeliona tairi "28" kwa nusu ya bei ya huku. Nakiri kuwa na duka nina kinyongo: mwaka jana niliuziwa tairi likapasuka ubavu hata Ramadhani haijafika. Nipeni mawazo, wanaoendesha kweli lakini, siyo wanaoegesha.

Binti Jambiani
Waalaykum salaam. Kaka, usitume pesa kwa kuangalia hiyo 28! Mie yangu ni ya Kijapani, ile yenye kikapu mbele. Niliagiza tairi "26" Dar, likaja jipya linang'aa, lakini kwenye ringi likagoma kuingia kama kofia ya mtoto kichwani mwa baba. Kulirudisha ningelipa nauli ya mzigo mara ya pili, basi nikampa jirani.

Yule mzee wa duka ninaponunua siku zote ndiye aliyenifungua macho. Inchi zinadanganya. Soma ubavuni mwa tairi namba yenye kistari, mfano 37-590. Ya kwanza ni unene, ya pili ni kipenyo cha pale tairi linapokaa kwenye ringi, kwa milimita. 26 ya baskeli za mlimani ni 559, 26 yangu ni 590. Hiyo 28 yako ya Ulaya yaelekea ni 622, lakini 28 ya Phoenix, zile baskeli nzito za mashamba zisizo na gia, ni 635. Milimita 13 tu, na halivai.

Mtu wa Fuoni
Ahsante dada, ila tusiyapambe maduka. Mengi yamejaa vya Phoenix. Mwenye gia nane nyuma akiulizia cheni nyembamba anatazamwa kama kaulizia theluji. Mimi nilishachoka, vipuri vyote naagiza Dar, nafunga mwenyewe barazani.

Na mafundi nao! Mmoja (simtaji) alitaka kunifungua pedeli ya kushoto akaikazania spana kama ya kulia. Ya kushoto uzi wake unakwenda kinyume, unaifungua kwa kuzungushia upande wa kukazia. Kaisukuma mpaka uzi wa mkono wa pedeli ukaliwa wote. Mkono mpya nikanunua mimi, yeye akaniambia "pole sheikh".

Mzee wa Wete
Huyo hakuwa fundi, alikuwa na spana tu. Nimetengeneza baskeli Pemba miaka mingi, na huku kwa vilima vyetu cheni mbovu haijifichi.

Mwanangu wa Bububu, kabla hujanunua kitu, pima. Weka sifuri ya futi katikati ya pini moja ya cheni, hesabu pini 24 zinazofuata. Cheni mpya itakupa inchi 12 kamili, yaani milimita 305 hivi. Ikizidi kwa milimita moja na nusu, badilisha cheni peke yake, na usichelewe. Ikizidi kwa tatu, meno ya nyuma nayo yameshaliwa. Hapo ukifunga cheni mpya juu ya meno ya zamani itaruka vilevile, nawe utasema umeuziwa feki. Rula ya skuli haikutoshi, inaishia 30. Azima futi ya fundi cherehani.

Spana Mkononi, Jang'ombe
Mimi ni fundi wa chini ya mwembe, mmoja wa mnaowasema. Mtu ananunua mwenyewe tyubu ya bei ya chini kabisa, ananiletea nifunge, likipasuka mwizi ni mimi. Mbona hamsemi ule mpira mdogo wa valvu ninaowabadilishia bure? Au gololi nilizonazo kwenye mkebe, za baskeli zilizokufa, ambazo Kariakoo hawatakuuzia nne tu? Na wapo walimu wanaonilipa mwisho wa mwezi. Mwambie muuza mtandaoni akungoje mshahara.

Wa pwani nyinyi, Binti Jambiani, chumvi inakula cheni usiku mmelala. Futa kwa kitambaa, tia oili tone tone, siyo kumwaga.

Mtu wa Fuoni
La mkopo umenishinda, fundi. La cheni ya gia nane bado nakudai.

Mkaa Bububu
Narudi na habari. Tairi limeandikwa 37-622, dada umepatia. Nimelitoa gurudumu nikalibeba begani mpaka Darajani, na duka la pili wakalivalisha palepale kabla sijalipa. Bei juu kuliko ya mtandaoni, kweli, lakini nimerudi naendesha. Cheni imepima 308. Mke wangu kacheka kuniona na futi yake ukumbini nahesabu pini kama nahesabu tasbihi.

Cheni nyembamba imepatikana moja tu mjini, nimeichukua. Meno ya nyuma hakuna, hapo nakubaliana na mtu wa Fuoni. Nimeyapiga picha ya zamani nikamtumia shemeji, ahesabu jino kwa jino kabla hajalipa. Fundi wa Jang'ombe, kifungulio cha frihwili ya gia, yaani hayo meno ya nyuma, unacho?

Spana Mkononi, Jang'ombe
Ninacho. Njoo baada ya laasiri, asubuhi nina foleni ya baskeli za skuli. Na usiitupe ile frihwili ya zamani, niletee.