ABCL ya Amitabh Bachchan: kampuni yenye jina kubwa namna ile ilikwamaje?

Mkaguzi Mdogo ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, na wakubwa zangu shikamooni. Nimekuwa nikifuatilia historia ya makampuni ya kusimamia wasanii nchini India, na kila ninakopita nakutana na Amitabh Bachchan Corporation Limited, kampuni ya mwigizaji nyota wa filamu za Kihindi Amitabh Bachchan, iliyojulikana zaidi kwa kifupi cha ABCL. Ilianzishwa katikati ya miaka ya 1990 ikiwa na lengo la kuwa kampuni ya burudani yenye thamani ya rupia bilioni 10 ifikapo mwaka 2000. Ilitaka kusimamia wasanii, kuandaa matamasha, kutengeneza na kusambaza filamu, kuuza kanda za muziki na kuzalisha vipindi vya televisheni, yote hayo kwa wakati mmoja. Ilipofika mwaka 1997 ilikuwa imekwama, na Aprili 1999 Mahakama Kuu ya Bombay ilimzuia Bachchan mwenyewe asiuze nyumba yake ya Prateeksha hadi kesi za madai ya mkopo za benki ya Canara Bank zitakapokwisha.

Nina maswali mawili. Kampuni iliyobeba jina linalojulikana na kila mtoto wa India ilishindwaje kwa muda mfupi hivyo? Na kama ilikuwa kampuni yenye dhima yenye kikomo, ambayo kisheria ni mtu mbali na mwenye hisa, kwa nini deni lake lilibisha hodi kwenye nyumba ya mtu binafsi?

Mzee wa Majestic amejibu:

Marahaba, mwanangu. Sisi tuliopanga foleni pale Majestic, Unguja, kumtazama Amitabh wa *Deewaar* na *Sholay*, hatuhitaji kuambiwa uzito wa jina hilo. Lakini filamu hizo mbili ni za mwaka 1975, na kampuni ilikuja miaka 20 baadaye. Katikati hapo aliumia vibaya mwaka 1982 akiigiza *Coolie*, akaingia bungeni mwaka 1984 kama mbunge wa Allahabad, akajiuzulu mwaka 1987, na baada ya *Khuda Gawah* ya mwaka 1992 akajiweka kando na uigizaji kwa miaka kadhaa. Wakati ABCL inafungua milango, vijana walikuwa wakimkimbilia mwigizaji mpya, Shah Rukh Khan.

Sasa tazama jambo ambalo wengi hulipita. Filamu ya kwanza kutengenezwa na kampuni hiyo, *Tere Mere Sapne* ya mwaka 1996, iliwategemea waigizaji wachanga, akiwamo Arshad Warsi aliyekuwa hajulikani kabisa, nayo ikamfungulia njia ya uigizaji. Mwaka uliofuata ikaja *Mrityudaata*, ambayo ndiyo ilikusudiwa kumrudisha bwana mkubwa mwenyewe kwenye skrini, nayo ikazama. Kwa hiyo kampuni ilifaulu ilipofanya kazi halisi ya wakala, yaani kumtambua kijana mwenye kipaji na kumtengenezea njia, na ilianguka ilipoegemea jina la mwenye kampuni. Mimi naona wangebaki na akina Warsi, na hayo mengine wangewaachia wenyewe.

Hata hivyo, kilichowamaliza hasa ni mashindano ya urembo ya Bangalore.

Nuru wa Hesabu amejibu:

Mzee wangu, kuhusu Warsi nakuunga mkono, ila Bangalore naomba tuiangalie kwa karibu kidogo, kwa sababu watu huitaja kama ajali wakati ilikuwa matokeo ya namna kampuni yenyewe ilivyojengwa.

Novemba 1996 ABCL ilibeba jukumu la kuandaa fainali za Miss World katika uwanja wa kriketi wa Chinnaswamy. Vyama vya wakulima vya Karnataka, jimbo ulipo mji wa Bangalore, makundi ya wanawake na wanasiasa wanaojinasibu na utamaduni wa Kihindu waliyapinga mashindano hayo, kila upande kwa sababu zake. Kijana mmoja alijichoma moto huko Madurai akafariki dunia. Sehemu ya mavazi ya kuogelea ikabidi ihamishiwe Shelisheli, na fainali ya tarehe 23 Novemba ikafanyika chini ya ulinzi wa maelfu ya polisi. Mgiriki Irene Skliva akavishwa taji, televisheni zikarusha picha nzuri duniani kote, na kampuni ikabaki na hasara kubwa pamoja na mlolongo wa kesi na watoa huduma waliokuwa wakidai fedha zao.

Sasa fikiria kazi ya wakala wa wasanii ilivyo. Wakala humtafutia msanii tangazo, filamu au onyesho, hujadili malipo, hukagua mkataba, kisha hukata mgawo wake kwenye fedha inayoingia. Onyesho likiharibika, hasara humwangukia mwandaaji, na wakala hupoteza mgawo tu. ABCL ilikuwa wakala na wakati huohuo mwandaaji, mtengenezaji wa filamu na msambazaji. Hakukuwa na mtu wa nje wa kumwachia hasara. Filamu ikianguka, fedha iliyopotea ni yake. Tamasha likipata upinzani, bili ni zake. Juu ya hayo iliripotiwa kwamba mameneja wa ngazi za juu walikuwa wakilipwa mishahara mikubwa kupita kiasi, na mshahara, Mzee wangu, haungoji filamu itoke. Bangalore ilikuwa hasara ya usiku mmoja, lakini mishahara ilitoka kila mwezi, tamasha liwepo lisiwepo.

Wakili Mstaafu amejibu:

Nitajibu swali la pili peke yake, kwa kuwa la kwanza limepata wenyewe.

Kikomo cha dhima humlinda mwenye hisa maadamu hajaweka sahihi yake binafsi mahali popote. Mkopeshaji anapoona kwamba mali pekee ya kampuni ni sifa ya mtu mmoja, humwomba mtu huyo adhamini mkopo, na akishadhamini ukuta ule umebomoka kwa hiari yake. Katika shauri la Prateeksha, Bachchan mwenyewe alieleza kwamba nyumba hiyo alikuwa ameiweka rehani ili kuipatia kampuni fedha.

Tukumbuke pia mazingira ya wakati huo. Serikali ya India ilitangaza kuitambua biashara ya filamu kuwa sekta rasmi ya viwanda mwaka 1998 tu. Kabla ya hapo benki nyingi zilikuwa zikiiogopa, na watengenezaji wengi walikopa kwa watu binafsi kwa riba ya kukata shingo. ABCL ilijaribu kuendesha burudani kwa mikataba ya maandishi, vitabu vya hesabu na mikopo ya benki wakati sekta yenyewe bado haijazoea utaratibu huo. Wazo halikuwa baya hata kidogo. Ila benki ya kawaida hutaka rehani inayoshikika, na hapo kinachoshikika kilikuwa nyumba.

Mkaguzi Mdogo ameandika:

Nawashukuru sana. Wakili, nimeelewa sasa. Je, madeni yalilipwaje? Nauliza kwa sababu kampuni hiyo haikufutwa kabisa. Naiona tena kwa jina la AB Corp kwenye filamu *Paa* ya mwaka 2009.

Nuru wa Hesabu amejibu:

Yalilipwa kwa jasho la msanii, wala si kwa faida ya kampuni. Bachchan amesimulia hadharani kwamba deni lilikuwa kiasi cha rupia milioni 900, kesi zilikuwa 55, na wadai walikuwa wakifika mlangoni pake. Amesimulia pia kwamba tajiri Dhirubhai Ambani alitaka kumsaidia fedha, naye akakataa. Akaenda kwa mtengenezaji filamu Yash Chopra kuomba kazi, akapewa nafasi katika *Mohabbatein*, iliyotoka Oktoba 2000. Miezi michache kabla yake, tarehe 3 Julai, kipindi cha chemsha bongo cha *Kaun Banega Crorepati*, ambacho Bachchan ndiye aliyekiendesha, kilikuwa kimeanza kwenye televisheni ya Star Plus, na wiki hadi wiki nchi nzima ikawa inakaa mbele ya televisheni kumsikiliza akiuliza maswali. Baadhi ya wadai aliwalipa fedha taslimu, wengine aliwafanyia matangazo ya biashara badala ya fedha.

Kwa mtazamo wangu wa kihesabu, hapo ndipo ABCL ilipopata mteja wake wa kweli, yaani Bachchan mwenyewe, ila kampuni yenyewe ilikuwa haina tena uwezo wa kumsimamia.

Mzee wa Majestic amejibu:

Mishahara nimekubali, binti yangu. Lakini Bangalore siiachi, maana hata mwenye mishahara midogo angeilipa bili ile kwa taabu. Na kwa Mkaguzi: ukiendelea na utafiti wako, ilinganishe ABCL na KWAN, iliyoanzishwa mwaka 2009 kama wakala wa wasanii. Anza na swali moja tu, nani kati yao aliyekuwa akilipia ukumbi.