Uhakiki wa riwaya za vijana: fantasia na za maisha ya leo zipimwe kwa kipimo kimoja?

Mwanzisha mada
Wakuu, salaam. Naandika uhakiki wa maneno kama 600 wa riwaya za vijana, zile ambazo mhusika mkuu ana miaka kati ya 14 na 18. Nusu ni fantasia, nusu ni za maisha ya leo: shule, familia, mapenzi ya kwanza, msiba. Za fantasia zinamezwa na muhtasari, maana kabla ya kusema lolote inabidi ueleze falme, koo na uchawi wake. Za maisha ya leo zinaishia kwenye "inagusa moyo". Muhtasari uchukue kiasi gani? Kila aina ipimwe kwa nini hasa? Na mambo mazito kama kujidhuru yatajwe vipi?

Jibu la 1
Muhtasari usizidi robo. Kwa maneno 600 ni kama 150, na humo weka mambo manne tu: mhusika mkuu ni nani, anataka nini, nini kinamzuia, atapoteza nini akishindwa. Majina matatu yanatosha. Ulimwengu wa fantasia usiuchore wote, chagua kanuni moja inayobeba mgogoro, nyingine msomaji atazikuta mwenyewe. Yanayotokea baada ya robo ya kwanza ya kitabu yaache, hata kama jalada la nyuma limeshamwaga mtama. Hoja yako ikitegemea mwisho wa kisa, iweke chini kabisa na uonye kwanza.

Jibu la 2
Naongezea upande wa fantasia, kwa sababu hapo wahakiki wengi husifu "ulimwengu ulioumbwa vizuri" bila kuonyesha umeumbwaje.

Unaposoma, tenga ukurasa wa daftari wenye safu tatu: uchawi unaweza nini, hauwezi nini, na unamgharimu nini anayeutumia. Kila kanuni ikitajwa, andika namba ya ukurasa. Ukifika kwenye kilele, rudi kwenye safu hizo. Mwandishi Brandon Sanderson aliliweka hili vizuri mwaka 2007: uwezo wa mwandishi kutatua mgogoro kwa uchawi hulingana na jinsi msomaji anavyouelewa uchawi huo. Uchawi usioelezwa haukatazwi, tena huleta hofu na maajabu. Kasoro inaanza pale unapoibuka dakika ya mwisho kuokoa jahazi.

Chukulia binti anayeponya majeraha. Sura ya 4 inasema kila jeraha analoponya linampofusha siku nzima. Sura ya 31 anaponya kikosi kizima, anapanda farasi na kuondoka akiona vizuri kabisa. Usiandike "mwisho umenivunja moyo". Andika: "Gharama iliyowekwa sura ya 4 haikulipwa sura ya 31, ndiyo maana ushindi wake hauna uzito." Hapo mtu anaweza kufungua kitabu akakubishia kwa ushahidi, na uhakiki ndio unapaswa kuwa hivyo.

Angalia pia kurasa 50 za mwanzo. Kama wahusika wawili wanaelezana mambo ambayo wote wanayajua, maelezo yamelazimishwa. Nukuu sentensi moja uonyeshe. Na kwa kuwa fantasia nyingi huja kwa mfululizo, usikilaumu kitabu cha kwanza kwa kuacha swali kubwa wazi. Kilaumu kikishindwa kufunga mgogoro wake chenyewe.

Jibu la 3
Za maisha ya leo hazina uchawi wa kuzibeba, kwa hiyo anza na sauti. Chukua kurasa mbili zenye mazungumzo mengi, funika kila "alisema fulani", kisha soma kwa sauti. Ukishindwa kujua nani anaongea, wahusika ni bapa hata kama matatizo yao yanaliza.

Hapa kuna jambo linalopotosha wahakiki watu wazima: kumshusha nyota msimulizi wa miaka 16 kwa kuamua kijinga. Msimulizi wa nafsi ya kwanza ana haki ya kukosea. Swali ni kama kitabu chenyewe kinajua kwamba amekosea. Je, kuna anayeumia? Kuna urafiki unaovunjika na usirudi kwa sadfa tu? Kinyume chake, kijana anayechambua huzuni yake kama mshauri nasaha huwa anasemewa na mwandishi. Na msiba unaotibiwa na mpenzi mpya ndani ya sura mbili, useme bila kuuma maneno.

Mambo mazito yape mistari miwili mwishoni: jambo lenyewe, linaonyeshwa au linatajwa tu, na sura. Mfano: "Kujidhuru, kunaonyeshwa, sura ya 12. Kifo cha mzazi, kinatajwa tu." Usieleze njia wala kifaa kilichotumika. Asiyetaka kujua kabla ya kusoma ataruka mistari hiyo, anayeihitaji ataiona.

Mwanzisha mada
Asanteni sana. Nyota je? Na nakala za awali zinazotolewa bure?

Jibu la 1
Nyota ziweke baada ya kumaliza kuandika. Ukianza na tatu, utatafuta hoja za kuzitetea. Kuhusu nakala ya awali, sema wazi kwamba ulipewa, na kila nukuu ilinganishe na toleo lililochapishwa, kwani sentensi, namba za kurasa na hata majina ya wahusika hubadilika kabla ya kitabu kutoka. Kama toleo hilo hujalipata, eleza tukio kwa maneno yako bila kunukuu.