Kipandauso kinaweza kuleta kizunguzungu bila kichwa kuuma?

mtulivu_07
Wakuu habarini, naombeni mawazo yenu. Kipandauso ninacho tangu sekondari nishakizoea, ila mwaka huu kimekuja kivingine kabisa, yaani nimesimama tu naona sakafu inayumba kama niko kwenye mtumbwi, natembea nimeshika ukuta, taa inaniumiza macho na kichwa chenyewe hata hakiumi. Inachukua masaa, juzi imeenda mpaka kesho yake. Presha, sukari, masikio vyote vimepimwa viko sawa, nikaambiwa ni mawazo. Si mawazo jamani, mimi naanguka.

shangazi_T
Pole sana mdogo wangu, nakuamini. Mimi ninayo hiyo mwaka wa 6 sasa, wanaiita kipandauso cha vestibula, kinavuruga mfumo wa usawa wa mwili, na kichwa si lazima kiume kila mara. Vipimo vinatoka safi kwasababu hakuna kipimo cha kukionyesha, daktari anakitambua kwa maelezo yako. Tangu 2012 kuna vigezo: kikushike si chini ya mara 5, kila mara dakika 5 mpaka masaa 72, na angalau nusu ya hizo mara kije na dalili za kipandauso, kama hiyo taa kukuumiza. Kwahiyo andika kila kitu, saa kilipoanza, saa kilipoisha, ulilalaje jana yake, kama uko kwenye siku zako. Mimi daktari wa mishipa ya fahamu alisoma kurasa mbili tu za daftari langu akaanza kuniuliza maswali ambayo sikuwahi kuulizwa, nililia palepale.

Kk_Juma
Ila kama kinakuja ukijigeuza kitandani na kinaisha ndani ya dakika moja hizo ni chembe za sikio la ndani, zinarudishwa kwa kugeuzwa kichwa na mtaalamu. Na ghafla mkono ukilegea au ulimi ukawa mzito usisubiri, wahi hospitali, hicho kinaweza kuwa kiharusi.

mtulivu_07
Changu ni masaa, kitanda hakihusiki. Shangazi dawa je?

shangazi_T
Zipo za kuzuia, mimi natumia propranolol, ila kama una pumu mwambie daktari mapema maana haikufai. Na za maumivu usimeze kila siku, zikizidi zenyewe zinaleta kichwa. Kikikushika kaa chini hapohapo, usijikaze kutembea.

mtulivu_07
Asante shangazi, daftari naanza leo na ile ya juzi.