Siku moja nje ya Paris, nataka mji wa kale wa kutembea kwa miguu. Provins inafaa?

msafiri_wa_Tanga aliandika:

Wakuu habari za muda huu. Mwisho wa mwezi wa kumi nitakuwa Paris kikazi na safari hii naenda na bi mkubwa, nikimaliza kazi tunabaki na siku moja nzima kabla ya ndege. Mnara wa Eiffel tutauona jioni yoyote ile, hiyo siku nataka tutoke nje ya jiji tukaone mji wa zamani kweli kweli, wa enzi za ngome na kuta, ule unashuka kwenye treni unatembea mwenyewe kwa miguu unaingia kichochoro hiki unatokea kile, sio kupanda basi la watalii mtu anakuonyeshea dirishani. Wengi wananitajia Carcassonne ila nimeangalia ramani iko kusini kabisa huko karibu na Hispania, kwenda na kurudi siku hiyo hiyo hamna utakachofaidi. Jamaa mmoja kazini kanitajia Provins.

Sasa naomba mnisaidie, hivi inatosha siku nzima au ni kamji ka saa moja umemaliza? Unaanzia wapi unamalizia wapi? Bi mkubwa ana miaka sitini na kitu, kutembea anatembea vizuri tu ila ngazi nyingi magoti yanamsumbua. Na sisi ni Waislamu kwa hiyo na habari ya msosi pia. Natanguliza shukrani.

binti_Kisauni alijibu:

Karibu sana kaka, na hongera kwa kumtoa mama, msalimie. Nenda Provins wala usisite. Mimi nakaa huku Paris na wageni wakija kutoka nyumbani wakiniuliza waende wapi nje ya jiji, huo ndio mji ninaoutaja wa kwanza.

Treni mnapanda Gare de l'Est, laini P, inachukua kama saa moja na nusu na Provins ndio kituo cha mwisho kabisa kwa hiyo hamuwezi kupitiliza. Ingawa ni mbali bado iko ndani ya mkoa wa Île-de-France, na tangu 2025 tiketi ya treni ni bei moja mkoa mzima, mnalipa sawa na mtu anayeshuka vituo viwili mbele. Kadi ya usafiri ya Navigo ya kanda zote nayo inafika. Ila mkishuka tu piga picha ratiba ya kurudi, treni ni kama moja kwa saa, ikikuacha utakaa.

Mji una sehemu mbili, mji wa chini ulio upande wa stesheni, una vijito viwili Voulzie na Durteint, na mji wa juu kilimani ambako ndiko kuna mnara na kuta. Watu wengi wakishuka wanakimbilia juu moja kwa moja na mimi hilo linaniuma kwa kweli, maana chini kuna kanisa la Saint-Ayoul na mlango wake wa mbele peke yake unatosha kukusimamisha. Sanamu za mawe za karne ya 12 zilivunjwa vibaya wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa, zingine hazina vichwa mpaka leo, halafu miaka ya 1980 akaitwa mchongaji Georges Jeanclos akaweka zake za shaba pale palipobaki pengo. Hakujaribu kuzifanya zionekane za zamani. Zimekaa pamoja, jiwe lililoliwa na mvua na shaba ya juzi, nyuso zake nyembamba zimetulia kama watu wanaosikiliza kitu. Kaeni hapo kidogo ndio mpande.

Kupanda ni barabara ya Rue Saint-Thibault, ni mwinuko wa kweli lakini sio ngazi, mama akienda pole pole anafika, dakika kama ishirini na kitu kutoka stesheni mkiwa na vituo vya kupumzika. Viatu vya kufunga tafadhali, juu kule ni mawe ya mviringo na mwezi wa kumi yanateleza.

Msosi: angalieni sana kitu wanaita lardons, ni vipande vidogo vya nguruwe wanavimwaga mpaka kwenye saladi na kishi (pai ya mayai), kwa hiyo muulize kabla hata kama menyu haijataja nyama. Jibini ya brie ni ya maeneo hayo hayo, mkate na brie na matunda mnashiba vizuri. Na mmebahatika na tarehe, kuelekea sikukuu ya Watakatifu Wote waoka mikate wa Provins wanatoa niflette, keki ndogo za tabaka zilizojazwa krimu yenye harufu ya maua ya mchungwa. Kuleni zikiwa zimetoka tanurini. Waridi la Provins, ambalo ndilo sifa ya mji, hamtalikuta linachanua lakini jamu ya waridi iko mwaka mzima, mama akaipeleke Tanga.

mwl_wa_zamani alijibu:

Dada kaeleza vizuri, mimi naongeza kitu kimoja ambacho bila hicho mtaona kuta na mnara mtarudi mnasema tumeona ngome. Provins haikuwa mji wa vita, ulikuwa mji wa biashara, na ukienda nao kibiashara kila kona inaanza kuongea.

Karne ya 12 na ya 13 jimbo la Champagne lilikuwa na magulio makubwa sita kwa mwaka, mawili Provins, mawili Troyes, moja Lagny na moja Bar-sur-Aube, na kila gulio lilichukua wiki kadhaa, sio siku moja. Watu wa Flanders, upande wa Ubelgiji ya leo, wanateremka na vitambaa vya sufu, Waitaliano wanavuka milima ya Alps na hariri, rangi za nguo na viungo, pilipili manga iliyotoka India ikapita Misri ndio ikafika huko. Na karne hiyo ya 13 mafundi wa Paris walikuwa wanachonga pembe za ndovu wa Afrika, yaani bidhaa za bahari yetu ya Hindi zilikuwa zinaingia Ufaransa ya wakati ule, watu wengi hawalijui hilo.

Kilichowavuta wafanyabiashara Champagne hasa ni usalama. Watawala wa jimbo waliweka ulinzi kwa anayekuja gulioni tangu yuko njiani, ukiporwa kwenye nchi ya bwana mwingine mtawala wa Champagne anadai haki yako, na huyo bwana akikataa watu wa nchi yake wanafungiwa magulio. Hebu fikiria uzito wa hiyo adhabu, mji mzima unapigwa marufuku sokoni kwa deni la mtu mmoja. Ndio maana walilipa. Provins walikuwa mpaka na sarafu yao, denier provinois, iliyoaminika hadi Italia ambako Roma nao wakatoa ya kwao ya kuiga.

Kwa hiyo mkifika juu msiangalie mnara tu, angalieni chini ya nyumba. Nyumba nyingi zina chumba cha chini chenye dari la matao ya mawe, nusu kiko ardhini, hayo yalikuwa maghala na mengine maduka. Ingieni Grange aux Dîmes, jengo la karne ya 13 la mapadri wa kanisa la Saint-Quiriace lililokodishwa kwa wafanyabiashara wa Toulouse wakati wa magulio, baadaye magulio yalipokufa ndio likawa ghala la mazao ya zaka na jina likabaki hilo. Shikeni nguzo za ukumbi wa chini, mzigo uliopita pale ni wa nusu ya Ulaya.

Na Saint-Quiriace yenyewe nendeni mkaione kwa sababu haijaisha. Lilianzwa karne ya 12 kwa ukubwa wa kutisha, sehemu ya madhabahu imesimama kama ilivyokusudiwa halafu ukigeuka kuelekea mlangoni kanisa linakatika ghafla, ukumbi ni mfupi, pesa ziliisha. Jeanne d'Arc, yule binti shujaa wa vita wa Ufaransa, alisali humo Agosti 1429 akiwa na mfalme Charles wa VII, na wakati huo tayari mji ulikuwa umeshapoa. Meli za Genoa ya Italia zilishaanza kuzunguka kwa bahari mpaka Flanders tangu mwisho wa karne ya 13, na mwaka 1284 binti mrithi wa Champagne aliolewa na mwana wa mfalme aliyekuja kuwa Philippe le Bel, jimbo likaingia mikononi mwa Paris, kisha vita. Biashara ikahama. Mji ukakosa pesa ya kubomoa na kujenga upya, ndio sababu mnaukuta ulivyo, na UNESCO wakauorodhesha 2001 kama mji wa magulio.

kijana_wa_reli alijibu:

Naheshimu michango hapo juu ila kwa magoti ya mama mimi ningesema fikirieni na Troyes. Treni inatoka Gare de l'Est hiyo hiyo, muda unakaribiana, nauli ni kubwa zaidi kwa sababu mmeshatoka nje ya mkoa, lakini mji wote ni tambarare. Nyumba za mbao za kuegemeana, kuna kichochoro cha Ruelle des Chats ghorofa za juu zinakaribia kugusana, mama atafurahi sana. Ila niwe mkweli, Troyes iliungua 1524 kwa hiyo hizo nyumba nyingi zimejengwa baada ya moto, na kuta za mji hutaziona. Ukitaka kuta, Provins.

msafiri_wa_Tanga aliandika:

Aisee asanteni sana, nimemsomea bi mkubwa jibu la mwalimu kasema Provins basi, yeye mwenyewe kafanya biashara ya vitenge miaka mingi kwa hiyo habari ya magulio imemuingia. Swali la mwisho, ule mnara wa Tour César na mahandaki ya chini ya mji anaweza? Na kuta unatembea juu yake au chini?

binti_Kisauni alijibu:

Tour César mwache mama chini kaka. Ngazi za ndani ni nyembamba na kali, sehemu nyingine mnapishana kwa shida. Wewe panda, ni mnara wa karne ya 12, chini mraba juu pembe nane, na kengele utakazozikuta humo ni za Saint-Quiriace maana mnara wa kengele wa kanisa ulianguka 1689 wakazihamishia hapo. Ukiwa juu unaona mashamba ya ngano ya Brie pande zote na unaelewa kwa nini gulio lilikaa hapo. Mama wakati huo akae Place du Châtel, kuna viti na mikahawa na kisima cha zamani, na msalaba ambao amri na matangazo ya watawala yalikuwa yanabandikwa, hapo ndipo pesa ilipokuwa inazunguka.

Mahandaki anaweza, mlango uko Rue Saint-Thibault, ila mnaingia na mwongozaji kwa saa maalumu na maelezo kwa kawaida ni Kifaransa, kwa hiyo ulizeni saa mapema mkiwa mnapanda. Ndani ni baridi na chini hapajanyooka, ashike mkono wako na avae koti. Kama mnataka kuingia kote pateni ile pasi ya pamoja.

Kuta mnatembea chini yake upande wa nje, kuna njia ya majani kutoka lango la Porte Saint-Jean mpaka lango la Porte de Jouy na ni tambarare, mama ataifurahia hiyo kuliko vyote.

mwl_wa_zamani alijibu:

Hapo Porte Saint-Jean simameni katikati ya lango mtazame ukutani kushoto na kulia, kuna mfereji umechongwa kwenye jiwe kutoka juu mpaka chini, humo ndimo lilikuwa linashuka geti. Huyo bi mkubwa atawaza mara moja mzigo ulivyokuwa unakaguliwa na ushuru kulipwa. Na angalizo la muda, Jumapili ya mwisho ya mwezi wa kumi Ulaya wanarudisha saa nyuma, kuanzia hapo jua linazama kama saa kumi na moja na nusu jioni. Tokeni Paris asubuhi na mapema, kuta mzimalize kabla ya saa kumi, kushuka kilima kwenye giza na mawe yaliyolowa sio kwa magoti yale.