Moduleta ya mfululizo ya transista: toni nene ni safi, toni nyembamba inaharibika

Redio wa Mabibo (mwuliza swali)

Ndugu wanajamvi, salaam. Nina transmita ndogo ya bendi ya mita 40 (karibu megahezi 7) ambayo ilikuwa ikituma Morse peke yake, na amplifaya yake ya mwisho ni transista moja ya MOSFET, IRF510, ya daraja E (inayofanya kazi kama swichi). Ili nitume sauti kwa AM (nguvu ya wimbi la redio hupanda na kushuka kufuata sauti) bila transfoma ya modulesheni, ambayo Kariakoo sijaiona katika duka lolote, nimeunda moduleta ya mfululizo: transista 2N3055 inayoendeshwa na nyingine, BD139, ikikaa kati ya umeme wa volti 26 na dreni ya IRF510 (mguu wake unaopokea umeme), ili sauti ipandishe na kushusha volti za dreni. Pasipo sauti, dreni hupata volti 12 na kuvuta ampea 1. Nikiingiza toni ya hezi 400, wimbi ninaloliona kwenye osiloskopu ni safi hadi modulesheni ya karibu asilimia 90. Nikipandisha toni hadi hezi 2,500, upande wa kushuka unalala kama jino la msumeno na bonde halifiki chini. Zaidi ya hayo, 2N3055 inapata moto zaidi ninaponyamaza kuliko ninapozungumza. Majaribio yote nayafanya kwenye mzigo bandia wa omu 50 (rezista badala ya antena). Nianzie wapi?

Fundi Temeke

Kabla ya kugusa transista yoyote, tazama kapasita zilizopo kati ya njia ya umeme wa dreni na ardhi. Transmita ya Morse mara nyingi huwekewa hapo elektrolaiti (kapasita ya uwezo mkubwa), kwa kuwa volti zake hazitakiwi kuyumba. Kwako sasa, kuyumba huko ndiko sauti yenyewe.

Hitilafu inaonekana wakati wa kushuka tu kwa sababu 2N3055 yako inatoa umeme kupitia emita: inaweza kusukuma mkondo kwenda kwenye mzigo, lakini haiwezi kuuvuta urudi. Kapasita ikishajaa, anayeimwaga ni IRF510 peke yake, ambayo kwa volti 12 na ampea 1 ni sawa na rezista ya omu 12. Tuseme kapasita hiyo ni mikrofaradi 10. Omu 12 mara mikrofaradi 10 ni mikrosekunde 120, na kwa modulesheni ya asilimia 80 volti za dreni zitaanza kushindwa kuifuata sauti karibu na hezi 1,000, ndiyo maana toni yako ya 400 inapita na ya 2,500 inakwama. Badili uweke seramiki ya mikrofaradi 0.1, ambayo kwa megahezi 7 ina kizuizi cha takriban robo ya omu tu, na kwa sauti haitaleta taabu.

Kama hutaki kubahatisha, tenga moduleta kwanza: ondoa waya wa dreni, kisha funga sambamba rezista nne za omu 47 za wati 10 kila moja, utapata mzigo wa karibu omu 12. Hezi 2,500 ikipita safi hapo, moduleta haina kosa.

Mzee wa Kigamboni

Nakubaliana na Fundi kuhusu kapasita. Kuhusu joto, hiyo ni tabia halali ya saketi hii, wala si ubovu. Ukinyamaza, 2N3055 inabeba volti 14 na ampea 1, yaani wati 14, na zote zinageuka joto. Ukimodulesha kwa toni moja hadi asilimia 100, wastani wa mkondo haubadiliki, kwa hiyo chanzo bado kinatoa wati 26, lakini amplifaya sasa inachukua 18, na transista inabaki na 8. Kwa hiyo kipoza joto kipimwe ukiwa kimya, tena mchana wa Februari hapa Dar, si usiku wenye upepo wa bahari.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni IRF510. Kwenye kilele cha sauti dreni inapata volti 24, na kwa daraja E kilele cha volti kwenye dreni hufika takriban mara 3.56 ya hizo, yaani 85. Transista hiyo mwisho wake ni 100, na antena isiyolingana vizuri inaweza kuimaliza nafasi iliyobaki. Vilevile, 2N3055 ikifa kwa kushoti, volti zote 26 zitaingia kwenye amplifaya moja kwa moja. Weka fyuzi ya ampea 1.6: mkondo wa sauti kamili ni kama ampea 1.22 kwa kipimo cha RMS (kinachoonyesha joto la mkondo), hivyo itastahimili mazungumzo, ila kushoti itavuta kama ampea 2.2 tu, kwa hiyo usitegemee ikate papo hapo.

Msomaji wa Ubungo

Mimi naona kuchoma zaidi ya nusu ya umeme bila kusema neno ni hasara. Kwa nini asitumie moduleta ya upana wa palsi, ambayo transista yake huwaka na kuzima haraka kama swichi badala ya kuchoma volti?

Fundi Temeke

Kwa wati 200 ningekuunga mkono. Kwa wati 12, atatumia muda mwingi zaidi kuchuja kelele za swichi kuliko kuunda redio.

Redio wa Mabibo

Nashukuru sana. Elektrolaiti ilikuwepo kweli, ya mikrofaradi 10. Nimeitoa na kuweka 0.1, na hezi 2,500 sasa inashuka sawasawa na 400. Fyuzi nimeiweka pia. Kinachofuata ni kipi kabla ya antena?

Mzee wa Kigamboni

Peleka sauti kwenye mhimili wa mlalo wa osiloskopu na mawimbi ya redio kwenye mhimili wa wima. Utaona trapeza ambayo kwa asilimia 100 inachongoka kuwa pembetatu, na pande zake zikipinda, amplifaya haifuati volti sawasawa. Ncha ikivutika kuwa mstari mlalo, umezidisha, na mawimbi yako yatawasumbua majirani wa masafa. Punguza maikrofoni hadi mstari huo upotee.